Kuhamia Linux Mint kwenye laptopu ya mtumba: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Linux Mint ni mfumo wa kuendesha kompyuta unaoweza kuchukua nafasi ya Windows. Wanaojaribu kuuweka wakashindwa hukwama karibu sehemu zilezile: faili imepakuliwa pungufu, flashi haiwaki, diski haionekani, au wamebofya kufuta diski kabla ya kunakili kazi zao. Hakuna hata moja inayohitaji fundi. Zinahitaji kufuata mpangilio na kutoruka hatua.

Mwongozo huu ni wa mwenye laptopu yenye Windows 10, hasa zile za mtumba zilizojaa Mwanza: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad, zenye RAM ya GB 4 au 8. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na nyingi ya mashine hizi hazipokei Windows 11 kwa sababu prosesa zake za Intel ni za kabla ya kizazi cha 8. Mint inazifaa: ni bure, na matoleo ya mfululizo wa 22 yatapata marekebisho ya usalama hadi 2029.

Kwanza jiulize unatumia programu gani kazini. Kama riziki yako iko kwenye Tally, QuickBooks ya kompyuta, AutoCAD au Photoshop, usifute Windows. Programu hizo hazikuandikwa kwa ajili ya Linux, na mbinu za kuzilazimisha zitakula muda wako. Kama kazi zako ni barua, hesabu za kawaida, intaneti, video na masomo, endelea.

## Vifaa

- Laptopu ya biti 64. RAM ya GB 2 ndiyo ya chini kabisa, GB 4 ndiyo inayoridhisha. Nafasi kwenye diski isipungue GB 20; GB 100 ni bora.
- Flashi ya GB 8 au zaidi. Kila kilichomo kitafutika.
- Diski ya nje, au flashi nyingine kubwa, ya kuhifadhi kazi zako.
- Bando la GB 5 au 6. Faili yenyewe ni karibu GB 3, na masasisho ya kwanza nayo hula.
- Simu janja na waya wa USB unaopitisha data. Waya nyingi za bei ya chini huchaji tu.
- Chaja, na umeme wa uhakika wa saa mbili hivi. Kama betri ya laptopu imekufa, tafuta UPS au fanya kazi hii mahali penye jenereta. Umeme ukikatika katikati ya kusakinisha, diski hubaki na mfumo nusu usiowaka.
- Daftari na kalamu, maana kuna namba ambazo hutaweza kuziona tena laptopu ikishazimwa.

### Kama una uwezo, ongeza SSD

Huu ndio ushauri tunaousisitiza kuliko wowote mwingine hapa. Nunua SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya SATA ya inchi 2.5, GB 240 au 256. Toa diski ya zamani, iweke pembeni ikiwa na Windows yake na kazi zako zote, kisha sakinisha Mint kwenye SSD mpya.

Faida ni mbili. Diski ya kuzunguka ndiyo inayofanya laptopu nyingi za zamani ziwe nzito, hivyo mashine itachangamka kuliko ulivyoizoea. Pili, mambo yakiharibika unarudisha diski ya zamani na maisha yanaendelea. Baadaye utaiweka kwenye kesi ya USB na kuitumia kama diski ya nje. Kabla ya kununua, hakikisha laptopu yako ina nafasi ya inchi 2.5. Laptopu nyembamba nyingine hutumia SSD ndogo ya aina ya M.2 pekee.

## Hatua ya 1: Ijue mashine yako

Ukiwa ndani ya Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `msinfo32`, kisha Enter. Andika daftarini mambo manne: "System Model", "System Type", "BIOS Mode" na "Installed Physical Memory".

"System Type" lazima isomeke x64. Ikisomeka x86, huenda prosesa ni ya biti 64 lakini Windows iliyowekwa ni ya 32, kwa hiyo itafute prosesa hiyo kwa jina lake kabla ya kukata tamaa. "BIOS Mode" ni njia ambayo mashine huwakia, nayo itakuwa UEFI (mpya) au Legacy (ya zamani). Neno hilo utalihitaji kwenye hatua ya 4, na wanaolipuuza ndio wanaoishia na flashi isiyowaka.

Sasa angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski. Fungua "Command Prompt" kama msimamizi, andika:

`manage-bde -status`

Ukiona "Protection On", fanya moja kati ya mawili: zima BitLocker na usubiri hadi ikamilike kabisa, au nakili ule ufunguo wa tarakimu 48 daftarini. Ukibadilisha mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine kabla ya Windows) huku BitLocker imewashwa, Windows itakudai ufunguo huo, na bila huo kazi zako zimefungwa humo.

Mwisho, zima "Fast startup": Control Panel, Power Options, "Choose what the power buttons do". Kipengele hiki hufanya Windows isijizime kikamilifu. Mint ikikuta diski ya Windows katika hali hiyo, itaweza kuisoma tu bila kuiandika.

## Hatua ya 2: Nakili kazi zako

Nakili Documents, Desktop, Downloads, Pictures, Videos na chochote kilicho kwenye D. Usisahau nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari.

Tahadhari moja ya OneDrive: faili zenye alama ya wingu hazipo kwenye diski yako, ziko intaneti, na unachokiona ni jina tu. Bofya kulia, chagua "Always keep on this device", subiri zishuke, ndipo unakili.

Hatua hii imekamilika pale utakapochomeka diski ya nje kwenye kompyuta nyingine na kufungua faili tano au sita kutoka folda tofauti, zikafunguka. Kuona orodha ya majina hakutoshi.

## Hatua ya 3: Pakua Mint na uikague

Nenda linuxmint.com. Kwa RAM ya GB 4 au pungufu chagua toleo liitwalo Xfce. Kwa GB 8 chagua Cinnamon. Yapo mengine, lakini haya mawili yanakutosha.

Ukurasa utakupa orodha ya seva zilizopangwa kwa nchi, na chaguo la torenti. Kwa mtandao wa kukatikakatika, chukua torenti. Ikikatika huendelea ilipoishia, na kila kipande hukaguliwa kinapoingia. Ukipakua kwa kivinjari na mtandao ukayumba kwenye GB 2.7, unaweza kuanza upya bando likiwa limekwisha.

Pakua pia faili ndogo iitwayo `sha256sum.txt`. Kisha, kwenye Command Prompt ya kawaida, si ile ya msimamizi:

`cd Downloads`

`certutil -hashfile linuxmint-22.2-xfce-64bit.iso SHA256`

Weka jina la faili yako kama lilivyo, maana namba ya toleo hubadilika. Utatokea mstari wa herufi na tarakimu 64. Ulinganishe na ule ulio kwenye `sha256sum.txt` mbele ya jina la faili yako. Zikitofautiana hata herufi moja, faili ni mbovu. Futa, pakua tena.

Anayetoka Ukerewe au Sengerema kuja mjini kutafuta mtandao mzuri, afanye ukaguzi huu kabla ya kuanza safari ya kurudi. Ni dakika moja, na inaokoa nauli.

## Hatua ya 4: Andaa flashi

Kunakili faili ya ISO (ile ya Mint uliyopakua) na kuibandika kwenye flashi hakufanyi kazi. Lazima iandikwe na programu maalumu. Rufus ni ndogo, haihitaji kusakinishwa, na haitakumalizia bando.

Fungua Rufus, chagua flashi yako, chagua ISO. Kwenye "Partition scheme", weka GPT kama daftari lako linasema UEFI, au MBR kama linasema Legacy. Mengine yaache kama yalivyo, bofya START. Ikiomba kupakua faili chache za ziada, kubali. Ikiuliza namna ya kuandika, chagua "ISO Image mode". Mashine ikikataa kuwaka baadaye, rudia na uchague "DD Image mode".

Flashi bandia zipo nyingi. Imeandikwa GB 64 nje, ndani ina GB 4, na inapofika mwisho huanza kuandika juu ya yale ya mwanzo bila kulalamika. Kama uliinunua kwa bei ya kutupa, weka alama kwenye "Check device for bad blocks" ndani ya Rufus kabla ya kuanza. Inachukua muda, lakini flashi ya uongo itaumbuka.

## Hatua ya 5: Washa kutoka kwenye flashi

Zima laptopu kabisa. Chomeka flashi. Washa, na papo hapo gongagonga kitufe cha menyu ya kuwashia:

- HP: Esc, kisha F9
- Dell, Lenovo, Toshiba: F12
- Acer: F12 (mara nyingine lazima uiruhusu kwanza ndani ya BIOS kwa F2)
- Asus: Esc

Chagua flashi. Ikionekana mara mbili, chukua yenye neno UEFI kama mashine yako ni ya UEFI. Kwenye menyu ya Mint chagua mstari wa kwanza. Skrini ikibaki nyeusi, rudi uchague "compatibility mode".

Ukipata ujumbe wa "Security Violation", ingia BIOS uzime Secure Boot, kinga inayokagua mfumo unaowashwa. Mara nyingi kuizima hakuhitajiki, kwa hiyo usiizime kabla ya kujaribu.

## Hatua ya 6: Jaribu kabla ya kusakinisha

Sasa Mint inaendeshwa kutoka kwenye flashi na diski yako haijaguswa. Wengi hukimbilia kusakinisha hapa. Tulia robo saa.

Washa waifai. Cheza video usikie sauti. Jaribu kamera, mwanga wa skrini na kila kitufe cha kibodi. Kama waifai haionekani kabisa, huenda kadi ni ya Broadcom, ambayo huhitaji driva ya pembeni. Unganisha simu kwa waya wa USB, washa "USB tethering", na laptopu itapata intaneti ya simu. Kisha fungua "Driver Manager" nayo itakuonyesha driva inayofaa.

Fungua programu iitwayo "Disks", chagua diski yako, bofya menyu ya nukta tatu, kisha "SMART Data & Self-Tests". Tafuta "Reallocated Sector Count" na "Current Pending Sector Count". Sifuri ni salama. Kama "Pending" si sifuri, diski inaanza kufa: huenda Windows ilikuwa nzito kwa sababu hiyo, na Mint itakuwa hivyohivyo. Badilisha diski kwanza.

## Hatua ya 7: Sakinisha

Chaja iwe imechomekwa. Bofya mara mbili "Install Linux Mint" kwenye skrini.

Lugha na kibodi. Chagua English na "English (US)". Kiswahili hakihitaji kibodi maalumu.

"Install multimedia codecs". Weka alama kama una intaneti. Ndiyo inayofanya video na muziki wa aina zote vicheze. Kama Secure Boot imewashwa, utaombwa kutunga nywila. Iandike. Baada ya kuwasha upya itatokea skrini ya bluu, chagua "Enroll MOK" na uingize nywila hiyo. Ukiipita skrini hiyo, driva za pembeni zinaweza kukataa kufanya kazi.

"Installation type". Hapa ndipo pa kusoma mara mbili. "Erase disk and install Linux Mint" hufuta kila kitu kwenye diski: Windows, kazi zako, pamoja na patisheni (sehemu iliyotengwa ya diski) ya D ambayo wengi hudhani itasalimika. "Install alongside" huacha Windows na kugawa nafasi, nawe huburuta mpaka kati ya mbili hizo. "Something else" iache kama hujui patisheni.

Uliyeweka SSD mpya chagua "Erase disk" bila wasiwasi. Mwenye diski moja ambaye bado anahitaji Windows achague "Install alongside", na aipe Mint angalau GB 50.

Kabla ya kubofya "Install Now", soma jina na ukubwa wa diski inayotajwa. Kama diski ya nje ya kazi zako bado imechomekwa, ichomoe sasa hivi.

Majira. Bofya Tanzania kwenye ramani. Kisha jina lako, jina la kompyuta na nywila. Nywila hii utaidaiwa kila unapoweka programu.

Kwenye SSD kazi humalizika kwa dakika 10 hadi 20 hivi. Diski ya kuzunguka huchukua zaidi. Ukiona "Restart Now", bofya, kisha chomoa flashi utakapoambiwa na ubonyeze Enter. Umefaulu kama laptopu inawaka yenyewe bila flashi na kukuomba nywila uliyotunga.

## Hatua ya 8: Saa ya kwanza ndani ya Mint

Timeshift kwanza. Fungua Timeshift, chagua RSYNC, iambie itunze nakala mbili, bofya "Create". Hii hupiga picha ya mfumo ili ukiharibu kitu urudi nyuma. Haihifadhi barua na picha zako. Hizo endelea kuzinakili nje. Itahitaji diski ya mfumo wa Linux, hivyo flashi ya kawaida ya FAT haitakubalika.

Masasisho. Fungua "Update Manager". Ikikuuliza kuhusu seva ya karibu, kubali. Mara ya kwanza inaweza kula mamia ya MB na zaidi, hivyo tafuta waifai isiyopimwa kama ipo.

Nyaraka. LibreOffice imo tayari na inafungua faili za Word. Lalamiko kubwa ni kwamba barua ya kurasa mbili inageuka tatu na jedwali linahama. Chanzo ni aina za herufi (fonti): Calibri na Cambria hazimo, zikawekwa nyingine zenye upana tofauti. Fungua Terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike:

`sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea ttf-mscorefonts-installer`

Carlito na Caladea zina vipimo sawasawa na Calibri na Cambria, kwa hiyo mistari inakatika palepale. Kifurushi cha tatu huleta Times New Roman na Arial. Masharti yakitokea, bonyeza Tab kufika kwenye OK, kisha Enter. Unapoandika nywila Terminalini hakuna kitakachoonekana. Kibodi haijafa, iandike tu umalizie na Enter.

Halafu: Tools, Options, Load/Save, General, na kwenye "Always save as" chagua aina ya Word. Kama unapeleka kazi ikachapwe steshenari, iwe Nyegezi au Malimbe, peleka PDF. Kitufe chake kiko juu ya LibreOffice. PDF hutoka vilevile kwenye kila kompyuta, na ripoti yako haitavurugika mbele ya foleni.

## Yakienda kombo

Windows inawaka, Mint haionekani. Ingia BIOS, panga "ubuntu" iwe ya kwanza kwenye mpangilio wa kuwasha. Mint hutumia jina hilo. Baadhi ya HP hung'ang'ania Windows. Tafuta "Customized Boot" na uandike `\EFI\ubuntu\shimx64.efi`. Baadhi ya Acer hudai uweke kwanza nywila ya msimamizi wa BIOS, kisha uliidhinishe faili hilohilo.

Kisakinishi hakioni diski. Huenda mpangilio wa diski ndani ya BIOS umewekwa kwenye RAID au Intel RST. Ubadilishe uwe AHCI. Kama unataka kubaki na Windows, usibadilishe kabla ya kujua jinsi ya kuiandaa, maana Windows inaweza kugoma kuwaka.

"No bootable device". Uliwasha flashi kwa UEFI wakati mashine iko Legacy, au kinyume chake. Rudi hatua ya 4.

Saa ya Windows iko nyuma saa tatu. Hutokea kwa wenye mifumo miwili. Mint huandika saa ya UTC (saa ya kimataifa) kwenye mashine, Windows huisoma kama saa ya hapa, hivyo saa nne asubuhi inakuwa saa moja. Andika kwenye Mint:

`timedatectl set-local-rtc 1 --adjust-system-clock`

Tarehe inarudi miaka ya nyuma kila ukizima. Hiyo ni betri ndogo ya ubaoni, kwa kawaida CR2032, imekwisha. Tovuti zitakataa kufunguka na masasisho yatagoma, kwa sababu vyeti vya usalama hulinganishwa na tarehe. Watu husakinisha upya mara kadhaa wakidhani Mint ni mbovu. Badilisha betri; kwenye laptopu mara nyingi ina waya na kiunganishi chake, hivyo nenda na ya zamani dukani.

Mfumo umeharibika kabisa na hauwaki. Ndiyo maana usiifute ile flashi. Washa kwa flashi, fungua Timeshift, chagua diski yenye nakala, bofya "Restore".